Kioo Kipya na Pazia la Mchana

Lindestraat 18,
Franeker.
14 Februari

Mpendwa dada Wietske,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hamjambo huko Kanada, wewe na shemeji Gerrit? Goti lake limepona, au bado anachechemea huku akikataa fimbo? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu ina visirani.

Kuna jambo nimekuficha tangu Oktoba, na leo naweza kulisema kwa kuwa limekwisha. Macho yalikuwa yananiwasha na kutoa machozi, na ikifika saa tisa mchana ramani za mifereji ninazochora kwenye kompyuta naziona mbili mbili. Nikajua ya Baba yamenifikia. Wewe uliyemuuguza miaka saba mpaka akafa kipofu, ningekuandikia vipi? Hata mume wangu Sjoerd sikumwambia. Nilikuwa nikijifungia chooni nalia, mtu mzima mimi.

Mwishowe akanishtukia, akanipeleka kwa daktari wa macho. Daktari akanipima presha ya macho, akachungulia mpaka ndani kabisa, akasema hayana ugonjwa. Yamechoka tu, nikaiangalie kompyuta yangu. Nilimkumbatia kwa furaha mpaka miwani yake ikaanguka, maskini.

Basi tukaenda kununua kioo kipya cha kompyuta. Unamjua Sjoerd, alitaka kikubwa kuliko vyote, kilichopinda, kinang'aa kama sahani ya harusi. Muuzaji, binti mmoja asiye na haya, akamwambia, "Baba, hicho ni cha kutazamia mpira. Huyu mama anataka kufanya kazi au kujitazama sura?" Akaniwekea kisichong'aa, ambacho mwanga wake haupepesi na unapungua nitakavyo, na mguu wake unapanda na kushuka nisije nikavunjika shingo. Akanisomesha maandishi madogo dakika ishirini kabla ya kuniruhusu kulipa.

Nikakiweka sebuleni, mbele ya dirisha kubwa, pale pale kilipokuwa cha zamani. Siku ya pili, machozi yale yale. Dada, niliishiwa nguvu. Nikasema daktari kanidanganya.

Mwenzangu wa kazini, Jelmer, akaja kunisaidia. Hakugusa hata waya. Alikaa kitini pangu, akafumba jicho moja, akacheka: "Froukje, umenunua kioo cha kupumzisha macho, halafu unakitazama pamoja na jua? Funga pazia, mama!"

Pazia, mchana kweupe! Mtaa wetu haujabadilika: pazia likifungwa mchana, kuna maiti ndani. Nikafunga hivyo hivyo, kwa aibu. Haikupita nusu saa, jirani yetu Tjitske huyo mlangoni na keki, macho mekundu. "Poleni jamani. Sjoerd katutoka saa ngapi?" Sjoerd akatokea jikoni, mkate mdomoni: "Bado nipo, lakini keki tunaipokea."

Jioni ile ile tukaigeuza meza. Sasa dirisha liko ubavuni, pazia liko wazi, na majirani wametulia. Hii ni wiki ya tatu sijatoa chozi. Siwezi kukueleza nilivyolala usingizi.

Sjoerd anakusalimu, na Tjitske pia, ingawa bado ananinunia. Nisalimie Gerrit, na wanao Baukje na Hylke.

Nilitaka kufunga bahasha hapa, nikashindwa. Daktari alisema ugonjwa wa Baba hutembea katika ukoo, na kila mtoto wake apimwe. Nikazitoa barua zako, nikazipanga mezani. Tangu Pasaka herufi zako zimekuwa kubwa, dada, na mistari inapandana. Na wewe unanificha, sivyo? Nenda kapimwe wiki hii. Majibu yakiwa mema, tucheke wote. Yakiwa mengine, mimi niwe wa kwanza kuambiwa, nami nitakuja, hata kama sijawahi kupanda ndege.

Mungu akuhifadhi, na akupe moyo wa kuufungua mlango wa daktari.

Mdogo wako akupendaye sana,
Froukje