Shahidi Aliyebaki

Jumatatu, 2 Juni. Gitega.
Kidonge cha asubuhi. Nimekimeza au sijakimeza? Nimekaa kitandani nikitazama kikopo. Nimekiacha. Dawa hii ya damu ukiizidisha inaua.
Kliniki wamesema moyo unapiga vizuri, valvu mpya haina shida. Nikauliza kuhusu kichwa. Daktari akasema siku ya operesheni moyo ulisimamishwa, mashine ikazungusha damu, na baada ya hapo wengine kumbukumbu huyumba. "Inaweza kurudi, mzee, lakini si kwa kila mtu." Miezi saba sasa. Nimechoka kupewa pole.

Jumatano, 4 Juni. Giteranyi.
Nimelala Muyinga njiani, leo nimefika nyumbani. Vumbi na panya. Mke wangu alizikwa Tanzania tulikokuwa wakimbizi, watoto walibaki huko huko.
Jioni amekuja Mama Aline, mjane wa jirani yangu Leonidas. Shemeji yake Fidel anadai shamba la bondeni. Wazee wa kilima, yaani kijiji chetu, watasikiliza kesi Jumanne. Ndugu hao walipogawana ardhi, miaka kumi iliyopita, hapakuandikwa karatasi. Walitoa pombe, mashahidi watatu tukanywa, yakaisha. Wenzangu wawili wamekufa.
Siku hiyo siioni kabisa. Sikumwambia. Aibu tupu.

Ijumaa, 6 Juni.
Nimemwambia. Hakukasirika. Amenisimulia yote: mpaka uliwekwa kwenye jiwe jeupe, Fidel akachukua juu, Leonidas chini. "Sema hivyo hivyo, Baba Yona. Sikuombi uongo."
Namwamini. Huyu mama si mwongo.

Jumapili, 8 Juni.
Sikwenda kanisani. Nimekariri maelezo yake kama mtoto wa katekisimu. Mchana kumbukumbu ikaja: jiwe jeupe, Leonidas ananyoosha mkono, mimi nimeegemea fimbo yangu. Nimecheka peke yangu kwa furaha.
Kisha nikaitazama fimbo. Nilipewa baada ya operesheni. Miaka kumi iliyopita nilipanda kilima hiki bila kuhema. Kwa hiyo sijakumbuka chochote. Nimejitungia tu kwa maneno ya Mama Aline. Naogopa.

Jumanne, 10 Juni.
Wameniapisha. Nimesema sikumbuki. Wameuliza mara tatu, nimejibu mara tatu. Mtu akacheka nyuma. Shamba la bondeni amepewa Fidel.
Mama Aline amenipita akaenda zake. Nimesema kweli na mjane amepoteza shamba. Najichukia.

Jumamosi, 21 Juni.
Fidel amepanda ua wa miti kwenye mpaka wake mpya. Jirani wa juu kauza kipande cha shamba, shahidi wamemwita mwingine. Kilabuni wananitania: valvu mpya, kichwa mtumba. Nimecheka nao, nikarudi mapema. Siku nne sijaongea na mtu ndani ya nyumba hii. Hata mbwa sina.

Jumapili, 29 Juni.
Nilikuwa nanawa uso. Ikaja bila kuitwa. Mtungi wa pombe ulipasuka siku ile, wakaiokoa kwa beseni la bluu la kuogeshea Aline. Tukanywea humo humo. Leonidas aliona haya, akasema beseni ni safi. Aliyasema amekalia jiwe jeupe, na upande wa chini wa jiwe ulikuwa wake.
Nimekwenda. Mama Aline alikuwa anamenya maharage. Hakuniangalia. Nikamwambia habari ya beseni. Mikono yake ikasimama.
"Hilo sikukuambia."
"Hukuniambia."
Kisha akauliza nani atamsikiliza mtu aliyeapa kwamba hakumbuki. Nimesema kesho nitakwenda kwa wazee hata hivyo, wanicheke wanavyotaka. Hakusema asante, wala sikuitegemea.
Amenisogezea kigoda na ungo wa pili. Tumemenya mpaka maharage yakaisha.