Kugeuka Kushoto

Jumatatu, 9 Juni 2025
Roy anaota meno. Nimetoka zamu ya usiku kwa nyumba ya wazee, nimelala masaa mawili. Matron akanipigia — yule dada wa kufundisha wazee tai chi ameolewa Namanga, harudi. Nikiweza kipindi chake nitahamia mchana. Mchana! Nilale na mtoto wangu kama watu wengine. Lakini Ijumaa Mwalimu Evalyne wa tai chi anatoka Nairobi kuniangalia. Nikifeli, narudi usiku. Tai chi yangu, haya mazoezi ya polepole ya Wachina, ni ile ya kuona kwa simu.

Jumanne, 10 Juni
Wazee kumi na mmoja, kila mtu na kiti kando yake. Nikasema tushike mpira mkubwa usioonekana. Mzee Saruni akasema yeye mpira hajawahi kucheza. Basi shika kondoo, nikamwambia. Akamshika vizuri sana, akakataa kumweka chini. Cucu Waceke anasema mtu wa kupalilia polepole hivi angemfukuza shambani.

Nimebadilisha majina yote. Tuko na Kukama Ng'ombe, Kupepeta Maharagwe, Kushika Kondoo na Kufukuza Fisi Bila Haraka. Ya fisi wameipenda.

Shida ni Mzee Mulinge. Tukigeuka kushoto anabaki ameangalia ukuta. Labda shingo.

Jumatano, 11 Juni
Si shingo. Kushoto kwake ni Susu Mutheu, mama ya marehemu bibi yake. Kwao Ukambani mtu na mama mkwe hawaangaliani usoni, na kugusana ndio kabisa. Mzee ana miaka sabini na mbili, Susu themanini na tisa. Miaka miwili hapa, mmoja akiingia kula mwingine anatoka na sahani. Mimi nilidhani wamekosana!

Nikawaambia, hapa ni mazoezi, si ukweni. Mzee akasema, "Mama Roy, wewe ni mtoto mzuri, lakini hapo umeshindwa." Susu akiangalia dirisha: "Mwambie huyo mtu amesema vizuri."

Nikampeleka Mzee nyuma kabisa. Sasa Susu ndiye hageuki, akigeuka atamwona.

Alhamisi, 12 Juni
Dawa nimepata. Wakati wa kugeuka wote wanafumba macho. Hakuna kuangaliana. Saruni amelala amesimama. Mimi pia karibu.

Ijumaa, 13 Juni
Mwalimu Evalyne amekuja na daftari. Kukama, sawa. Fisi — akaandika kitu, sijui nini. Tukafika kugeuka. Macho fumba. Ujinga wangu: mtu wa themanini na tisa, unamfumba macho halafu unamzungusha. Susu akayumba, akarudi nyuma hatua moja, mbili. Mimi niko mbele, mbali. Nyuma yake Mzee Mulinge alikuwa amebaki kwa Kondoo, mikono wazi. Susu akaingia humo mzima mzima.

Wote wawili macho yamefumbwa, hakuna wa kufungua.

"Ni nani?" Susu akauliza.

"Ni Saruni," akasema Mzee Mulinge.

"Mimi niko huku," akasema Saruni kutoka dirishani.

Nikamkalisha Susu. Hajaumia. Mzee Mulinge akaenda akajifungia chumbani. Anasema hatoki mpaka mbuzi apatikane, kosa la kumgusa mkwe halisafishwi na pole. Saruni tayari amepigia kijana yake aliye soko ya Bisil atafute mbuzi.

Na Mwalimu Evalyne? Anasema hiyo tai chi ya watu wawili, ya kudakana, ndiyo nzuri kuliko zote. Jumatatu analeta wenzake waione. Wakiiona, zamu ya mchana ni yangu.

Saa kumi. Niko nje ya mlango wa Mzee, naandikia kwa goti. Nimemwambia mambo ya Jumatatu. Nimemwambia macho wazi safari hii, na mimi nitasimama karibu, hilo sibishani.

Kisha kwa sauti ndogo: "Huyo kijana wa Saruni bado yuko soko?"

Yuko, Mzee.

"Mwambie achague wawili, mmoja wa Jumatatu."

Susu bado sijamuuliza.