Paka Wetu Hangurumi

Kambi ya Juu, Kericho
11 Januari 2025

Mama mpendwa,

Hujambo huko Kedowa? Baridi imekuachilia mgongo? Sisi tuko wazima. Baba anaingia zamu ya asubuhi kiwandani, na mimi nashinda nyumbani tangu nimalize shule. Naandika kwa sababu unajua nikishika simu ya Baba watu wakiwa hapo, sauti hukauka. Johana wa lori la viazi amekubali kubeba barua kila Jumamosi.

Tangu mashine za kuchuma chai zikutoe kazini ukaenda kupalilia viazi, nina wasiwasi mmoja tu: ule uvimbe wa kwapani. Daktari alisema urudi tarehe thelathini wakate kipande wakapime. Utakuja?

Lingine ni dogo. Majani, paka wako, hangurumi kwangu. Namkuna masikio, anafumba macho, lakini kooni kimya. Dorcus wa mlango wa pili ananicheka: "Wewe huongei, paka haongei. Hiyo ni nyumba ama ni kaburi?" Nadhani Majani hanipendi. Anakungoja wewe.

Bintiyo,
Velma

Kedowa
18 Januari 2025

Velma mama,

Barua imefika, nami sijambo. Tarehe naikumbuka.

Majani hakuchukii. Kwa marehemu nyanya yako tulikuwa na paka wengi. Mmoja alinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi hata kabla hujamgusa. Dada yake, wa tumbo moja, hatukuwahi kumsikia. Kila paka na koo lake. Tena huyu tulimwokota kwenye chai akiwa mkubwa kidogo. Labda huko alijifunza kunyamaza asisikike na mbwa. Weka vidole viwili chini ya kidevu chake, halafu ngoja.

Mwambie Dorcus kaburi halipiki chapati. Na akome kuja kuzila.

Mama yako

Kambi ya Juu
25 Januari 2025

Mama,

Salamu nyingi. Ni kweli! Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi, kisha nikasikia kwa vidole, kama simu inayotetemeka mfukoni mwa mtu mwingine. Kumbe ananguruma siku zote.

Alhamisi ndiyo tarehe thelathini. Nitakungoja stendi saa mbili.

Velma wako

Kambi ya Juu
1 Februari 2025

Mama,

Natumaini uko salama. Nilingoja stendi kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Baba alipiga simu ya msimamizi wenu, akaambiwa uko shambani. Kwa nini, Mama?

Velma

Kedowa
8 Februari 2025

Velma wangu, mtoto mzuri kuliko wote!

Hamjambo nyote? Mimi ni mzima kama chuma! Siku ile gari lilikosekana tu, usijali, hospitali haihami. Huku tunacheka sana. Juzi niliimba shambani mpaka msimamizi Mageto akatupa kofia akacheza, mzee mzima na tumbo lake! Wenzangu wananiita redio. Nimenenepa, hutanijua. Viazi vya huku ni vikubwa kama kichwa cha Baba yako, usimwonyeshe hapa. Soma na zile kurasa nne nzima nilizofunga pamoja na hii, za harusi ya jirani, usiache hata neno, maana nimeziandika kukuchekesha!

Mama yako mwenye furaha

Kambi ya Juu
15 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Wiki hii Majani alianza kunguruma kwa nguvu, nyumba nzima inasikia. Dorcus alisema, "Haiya, bubu amepata sauti!" Nilifurahi siku tatu. Nikajua sasa amenipenda.

Baba ndiye aliyeona kwamba hali chakula. Kiplangat, daktari wa mifugo, alimbonyeza paja akakuta jeraha limetunga usaha chini ya manyoya. Akaniambia paka hunguruma hata akiwa na maumivu, pengine anajibembeleza mwenyewe. Mama, nilikuwa namshangilia anapoumia. Usaha umetolewa, ameanza kunywa maziwa.

Nilipofika nyumbani kutoka kwake nilisoma barua yako tena. Hujawahi kuniandikia kurasa nne. Na miaka yote uliyochuma chai hapa, sijawahi kusikia mtu akikuita redio. Sikulaumu. Niambie tu ukweli, hata ukiwa mstari mmoja.

Bintiyo,
Velma

Kedowa
22 Februari 2025

Velma,

Mkono wa kushoto haupandi tena. Napalilia kwa mmoja, na wenzangu wananimalizia mistari yangu Mageto asione. Gari halikukosekana. Nilikaa kando ya barabara, nikaacha matatu ya abiria yapite.

Nyanya yako aliingia hospitali akatwe kipande wakapime, na hakutoka. Jinsi alivyokufa sikukuambia kwa sababu ulikuwa na mtihani, halafu ulipomaliza sikujua nianzie wapi.

Usimtume Baba, ataanza kugomba na mimi nitabisha. Njoo wewe na Johana, Jumatatu ana safari nyingine ya huku na nafasi mbele. Kadi ya kliniki iko ndani ya Biblia hapo nyumbani, uibebe. Tutatoka huku moja kwa moja mpaka hospitali, hata nikikuambia turudi.

Nikifika mbele ya daktari nitasema sina shida, najijua. Kwa hiyo nitakaa, na wewe utaongea. Najua ni vigumu kwako. Ongea hivyo hivyo.

Mama