Supu Iliyomliza Mama

Orpah, nimemliza mama yangu kwa supu. Supu!

Nilipika tu ile miso ya Wajapani, ya soya iliyochachushwa. Akaonja kijiko kimoja, akasema, "Tadashi."

Tadashi nani??

Kumbe 1974 kule kwao Gesima kulikuwa na mwalimu Mjapani aliyetaka kumuoa. Alimwachia Mama chungu cha miso akitunze mwaka mzima mpaka iive, kisha yeye Tadashi arudi awapikie wazee supu siku ya posa.

Babu, mzee wa kanisa la Sabato, akasikia harufu, akamuuliza Mama: "Bonareri, unapika pombe kwa boma langu?" Akaimwaga yote migombani. Tadashi alipokuja akafukuzwa kama mlevi.

Sijawahi kumsikia akimtaja, Orpah. Sasa yuko hapa jikoni, supu imepoa, anarudia tu: "Nilijua si pombe. Baba aliniuliza, nikanyamaza."