Kikombe cha Wambui

Kwa dada yangu mpendwa Nyokabi,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Baba Muthoni na ule mguu wake. Umepona, ama bado anaufunga na kitambaa? Msalimie Muthoni, umwambie mimi tata yake, mamake mdogo, sijasahau ile sweta. Wasalimie mapacha kama wameacha kupigana. Msalimie mama yetu, umshike mikono yote miwili vile anapenda, umwambie ni mimi. Na ile ng'ombe ya madoa, ilizaa? Nasikia huko Gatuanyaga mvua imekataa. Huku Mwiki ya Ruiru tuko tu. Shiku wangu anakula na kurefuka. Mimi mwili uko sawa, ni roho haiko.

Utauliza kwa nini naandika na simu ziko. Dada, unajua masikio yako. Nikikupigia unaweka sauti ya juu, boma yote inasikia. Hii sitaki isikike. Vumilia tu mwandiko wangu wa darasa la nne.

Nilikuambia kanisani walinipa kazi ya kukaribisha wageni. Mgeni akija anasimama, anasema jina, tunamwimbia, halafu anapewa mama mmoja wa kutembea naye Jumapili sita. Unakaa karibu naye, unamsindikiza mpaka kwake, asipokuja unaenda kumwangalia. Tukitoka ibada tunakunywa chai pale nyuma, na kila mshirika ana kikombe chake kimeandikwa jina na rangi ya kucha, kinaning'inia kwa msumari. Mgeni anatumia vile vyeupe visivyo na jina. Jumapili ya saba anapewa chake. Nimeona mwanaume mzima na ndevu akilia kwa sababu ya kikombe.

Basi akaja msichana anaitwa Wambui. Anafulia watu nguo huku kwa maploti ya nyumba za kupanga. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Kuambiwa asimame akasema, "Wacha niseme nikiwa nimekaa, nikisimama nitaanguka." Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Nikapewa yeye. Tulipotoka akaniambia cucu wake, nyanya yake, anakaa huko kwetu, chini ya lambo. Nikamwambia mimi ni wa hapo hapo Gatuanyaga. Kwanza alishtuka, halafu akasema, "Kumbe ndio maana unatembea kama mtu anaruka mawe." Dada, nilimpenda siku hiyo.

Hakukosa Jumapili hata moja. Ikafika anakuja kwangu katikati ya wiki, anaita mlangoni, "Mama Shiku, niko na njaa ya chai yako." Wiki ya tano alikuwa ananisaidia kumenya viazi, akaniambia jambo la maisha yake. Aliongea akiangalia kisu, hakuniangalia mimi. Jambo lenyewe siandiki, na wewe usiniulize. Alikuwa amelibeba miaka na hakuna mtu alijua.

Sikusengenya, Mungu anajua. Lakini sisi mzigo wa mtu ukitulemea tunaupeleka kwa maombi. Shiku hunichokoza ananiambia, "Mama, wewe ukijua kitu saa nne, saa tano Ruiru yote imejua." Mimi hucheka tu. Nilienda kwa Mama Esther, ndiye mkubwa wa maombi, nikamwambia yote nikilia, nikasema tumwombee huyu mtoto. Nikataja jina. Kosa liko hapo, si kwa Mama Esther.

Jumapili ya sita Mama Esther akashika maiki. Aliomba vizuri. Akaombea wagonjwa, akaombea mvua, halafu nikasikia, "Bwana, mkumbuke Wambui wetu, wewe unajua yale alipitia." Na akayataja. Yote, dada. Na spika ziko mpaka nje kwa wauza mboga. Watu walikuwa wamefunga macho, lakini niliona vichwa vikigeuka, vikiwa vimefunga macho hivyo hivyo. Watu wakaitika amina kwa nguvu, hata wengine wakilia kwa huruma. Wambui akaweka kitabu cha nyimbo kwa kiti, akakunja leso yake mara nne, akatoka. Nilijiambia ameenda choo. Woi, mimi nikabaki nimekaa!

Tulipomaliza nikakimbia kwake nikapata kufuli. Jumanne nikarudi, jirani akaniambia, "Ameenda na begi moja, alisema anarudi kwa cucu." Simu yangu hashiki. Alinitumia neno moja tu, nalo sitalisahau: "Mama Shiku, nilikuambia wewe."

Mama Esther amekuja kwangu mara mbili analia, anasema alidhani Wambui ndiye aliomba kuombewa. Namwambia kosa ni langu, nampa chai. Wengine wanataka tuje huko kikundi kizima na unga na sukari, tumwimbie mlangoni. Nimekataa. Tumemwimbia ya kutosha.

Ningekuja mwenyewe, si mbali, lakini akiniona atatoroka tena, na sijui safari hiyo ataenda wapi. Ndio nakuomba wewe. Teremka mpaka chini ya lambo kama mtu anayetafuta mbegu ya kunde. Ukimkuta, usimuulize kitu. Angalia tu kama anakula. Na ukisikia mtu huko akianza kuongea mambo yake, mnyamazishe, hata kama ni mama yetu.

Kwa hiki kikapu kilichokuja na barua, katikati ya vitambaa, kuna kikombe. Nilikuwa nimeshakiandika kwa ile Jumapili ya saba. Herufi ya M imepinda kwa sababu niliharakisha. Mpe. Usimwambie arudi kanisani, usimwambie nalia. Mwambie ni chake, hakuna mwingine atakinywea.

Nijibu upesi, dada, wiki hii hii, kwa mkono wa huyo huyo aliyekuletea. Usiandike mengi. Niambie tu kama amekishika.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Shiku