Tochi ya Upepo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo tumeshinda dukani kununua mashine ya kuchomelea. Muuzaji, kijana mwenye kipara kabla ya wakati, kanifundisha kuchomelea kama mtu aliyezaliwa jana. Mimi! Nusu ya mageti ya mji huu nimeyachomelea mimi, na nusu nyingine wameniita kuyarekebisha! Eti mzee, TIG si kama mashine yako ya vijiti. Hii inapuliza gesi, mkono mmoja unashika tochi, ile ya kutoa moto, mwingine waya. Nikamwambia najua. Sikuwa najua, lakini ningejua tu.

Aliyenipeleka ni binti yangu. Siku hizi karakana yangu ya nyuma ya nyumba eti ni yetu sote. Kapata kazi ya tangi la maziwa, alumini, bati nene. Kwenye mashine hatukugombana, lazima iwe na umeme wa AC, la sivyo alumini haishiki. Ugomvi ulikuwa tochi. Ipo inayopozwa na upepo tu, na ipo inayopozwa kwa maji – pampu, tangi, mipira ya kwenda na kurudi, takataka tupu. Binti anasema alumini nene inakula umeme mwingi, ya upepo itachemka mkononi. Nikasema maji ni ya kuoga. Atakayeishika ni mimi, basi nachagua mimi.

Tumechukua ya upepo. Kipara akacheka, mzee ana mkono wa mamba. Kweli kabisa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mashine imefika. Nimejaribu kwenye bati jembamba. Mshono umelala kama magamba ya samaki! Binti kaangalia, kasema safi baba, halafu kaharibu: "Lakini hilo ni jembamba."

Hasemi kitu bila lakini. Kamfuata mama yake.

Kalamu imeanguka mara mbili nikiandika haya. Kalamu za siku hizi zinateleza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mke wangu kapiga kelele asubuhi. Eti chai ilikuwa bado inatokota na mimi nimekikumbatia kikombe. Nikamwambia wanaume wa zamani ndivyo tulivyo. Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tangi leo. Binti ndiye kaanza. Mshono haujafika hata nusu, huyo! katupa tochi chini. "Baba, inaunguza hii! Tuache ipoe!" Glavu kavua, anapuliza vidole kama mtoto.

Nikaichukua. Nikaenda mfululizo mpaka mwisho wa mshono, sikupumzika. Mkono haukutikisika. Majirani walikuwa wamesimama getini, wakasema huyu mzee si mtu. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Miaka mingi sijatazamwa hivyo.

Halafu nikasikia harufu. Nikauliza nani anachoma nyama saa hizi?

Binti alikuwa ananitazama mkono.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kiganja cha kulia kimefungwa bandeji. Vidole viko nje, naandika. Glavu ilikuwa mbovu, wala si kingine. Nimeshasema, nimesema tena, hawasikii.

Hakiumi hata kidogo. Nilipowaambia hakiumi nilidhani watanyamaza. Mke wangu ndiyo akazidi kulia. Binti akakaa chini mbele yangu, akauliza taratibu, baba, tangu lini? Nikamwambia tangu lini nini! Ondoka hapo, nenda kasugue tangi!

Hakuondoka. Ukaidi kautoa kwa mama yake, kwangu akachukua nini sijui.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Binti karudi kutoka kwa Kipara na boksi. Tochi ya maji, pampu na kila kitu. Hakuniuliza! Kaiweka juu ya meza yangu ya kazi, na yeye kasimama pembeni kama hakimu.

Kasema hivi. Baba, mabeseni mawili haya, moja la moto, moja la baridi. Fumba macho, tumbukiza mkono wa kushoto, ule mzima. Ukitaja sawasawa, narudisha hii ya maji dukani, mishono iliyobaki ni yako na sisemi tena. Ukikosa, nafunga ya maji, naishika mimi, na kesho tunakwenda wote kwa daktari. Nikasema mchezo wa watoto huu. Mama yake akasema basi cheza.

Nimewaambia naenda msalani kwanza. Niko humu. Daftari huwa natembea nalo mfukoni.

Si mjinga mimi. Beseni jekundu lilikuwa linatoa mvuke, nimeliona. Liko upande wa mlango. La bluu upande wa dirisha. Mlango moto, dirisha baridi. Mlango moto. Nitataja haraka, nitafuta mkono, nitachukua tochi yangu. Wataona haya.

Nimefungua bomba la humu nikaweka mkono wa kushoto. Maji yapo. Naona yapo.

Mlango moto, dirisha baridi.

Mke wangu anagonga, mume wangu, umekwama? Nimesema nakuja.

Huko nje kuna kitu kinaburutwa sakafuni. Plastiki. Kimesimama. Sasa kinaburutwa kingine –

"Baba, tuko tayari!"