Kidari Alichopewa Haron

S.L.P. 4417,
Nairobi.

19 Julai 2006

Mpendwa ndugu yangu Thuo,

Salamu kwako, kwa Hannah na kwa watoto. Mnaendeleaje na afya? Mgongo wako uliacha kukusumbua, ama bado unabeba masanduku ya watu huko ghalani kama kijana? Hannah naye, ile presha imeshuka? Huku kwetu tuko wazima, Mungu ni mwema, isipokuwa hii baridi ya Julai ambayo asubuhi inaingia mpaka kwenye meno. Nasikia huko Amerika mnalia joto. Tupeni kidogo.

Binti yangu Jackie amemaliza masomo ya unesi na amepita, tena vizuri sana. Sisemi ni wa kwanza, lakini ni kama wa kwanza. Kila mtu hapa mtaani Satellite, Riruta yote, anajua, kwa sababu nimewaambia. Anita, mke wa Dan, ana mimba ya pili na anakula udongo kama kuku, nimemkataza hasikii.

Sasa Thuo, keti chini. Nina neno na wewe. Nimeliandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunichekesha, halafu kredito inaisha, halafu nabaki nimecheka na hasira yangu iko pale pale.

Timu yetu ilichukua Kombe la Chifu. Timu ile ile uliyochezea winga ya kushoto kabla hujapanda ndege. Tulipiga watu wa Kawangware tatu bila, nami nilikuwa ukingoni na birika langu la chai kama siku zote. Koti langu lilipasuka kwapani kwa kushangilia. Kazi hiyo yote ni ya mwanangu Dan. Ni yeye anayewakimbiza asubuhi, ni yeye anayewapanga. Jezi nazifua mimi, nani asiyejua?

Basi Jumamosi wakachinja mbuzi pale buchari ya Gichuru, Dagoretti. Nilienda kama mama wa timu. Haron alikuja na koti la ngozi. Unamkumbuka Haron, mwenyekiti, yule wa kununua mipira na kuhutubia watu dakika arobaini juu ya mpira mmoja.

Kabla nyama haijaiva wakaanza ubishi wao. Kombe la Dunia limeisha juzi tu, yule Mfaransa amempiga mwenzake kichwa kifuani, kwa hivyo kila mwanamume sasa ni mtaalamu. Kocha mkubwa kuliko wote duniani ni nani? Mmoja akasema Marshall Mulwa, kwa sababu alituletea vikombe vya Afrika Mashariki mara tatu mfululizo. Mwingine akasema wacha mchezo, Fabisch, yule Mjerumani wa timu ya taifa. Haron akawanyamazisha kwa mkono.

“Nyinyi mnataja watu, mimi nawauliza mfumo,” akasema. “Kushambulia kulianzia wapi? Kwa Waholanzi! Na hapa Satellite, nani alileta hiyo style ya winga kuingia ndani na beki kupanda? Semeni wenyewe.”

Hawa vijana wa sasa walikuwa watoto wa nasari wakati ule.

Gichuru akiwa anageuza mbavu akamuuliza, “Chairman, hebu nieleze kitu. Kwa nini winga wetu wa kushoto hafikangi kwa kona? Hata kwa uwanja mzuri, akikaribia anakata ndani tu, kama ng’ombe ameona maji.”

Unajua Haron alijibu nini? “Hiyo ni sayansi ya Uholanzi, Gichuru. Wewe kata nyama.”

Sayansi ya Uholanzi! Thuo, ni mabati ya Mzee Wachira! Umesahau? Si Mzee Wachira alipojenga nyumba zake za kupangisha alisukuma ua wa mabati mpaka ukala kona ya kushoto ya uwanja, tukabaki na kona tatu? Kila timu ilichukia kushambulia upande ule. Winga anakimbia, anakimbia, anakutana na mabati na mbwa wa Mzee Wachira. Wewe mwenyewe uligonga ua ule mpaka nikakukanda bega na maji moto wiki nzima.

Ni Dan, ametoka tu kumaliza fomu foo, aliyekaa jikoni kwangu akapanga viazi mezani. Akakuambia, “Anko, kama ardhi imeisha, usiifuate. Ukifika mwanzo wa mabati, ingia ndani na mpira. Mabeki wao wote watakusanyika kwako. Hapo upande wa kulia unabaki mtupu, na beki wetu wa kulia anatoka nyuma, hakuna mtu amemwona.” Wewe ukacheka, ukasema huyu mtoto wa dada yangu anataka kunifundisha mpira na viazi. Lakini Jumapili ukafanya, na ikawa bao. Baada ya hapo tukawa sisi ndio tunaoomba upande wa mabati, wageni wanashangaa kama tumerogwa. Tulipohamia uwanja wenye kona zote nne Dan akaona bado inafanya kazi, akaiacha. Hiyo ndiyo historia yote. Hakuna Mholanzi aliyepita Riruta.

Nami nilikuwa nimefungua mdomo niseme haya, ndipo simu yako ikaingia. Ulimpigia Gichuru kuwapongeza. Haron akainyakua, akaweka sauti juu, akaita, “Winga wangu wa kushoto! Thuo! Hebu waambie hawa watoto, nani alikufundisha kushambulia?”

Na wewe, mtoto wa mama yangu, ukasema, “Aah, si ni wewe chairman, nani mwingine!” Ukacheka, ukauliza kama nyama imeiva, simu ikakatika.

Najua ulikuwa unamfurahisha tu. Mtu akikuita kwa furaha mbele ya watu huwezi kumwaibisha, hata mama alitulea hivyo. Lakini pale mezani maneno yako hayakuwa mzaha. Yalikuwa ushahidi wa mchezaji kutoka Amerika. Watu wakapiga makofi. Gichuru akakata kidari, akakiweka mbele ya Haron.

Kidari, Thuo! Wewe unaijua desturi ya timu yetu kuliko mimi. Anayekula kidari ni yule aliyeionyesha timu njia, na yeye hakili peke yake, anakikata vipande vidogo anampa kila mchezaji kwa mkono wake, mmoja mmoja, hata yule aliyekaa benchi. Haron alikula chote. Peke yake! Akanyonya na mfupa. Vijana wanatazama, mikono iko magotini. Ndiyo nikajua hata desturi yenyewe haijui.

Dan alikuwa ameshika mbavu mbili, anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. Nilisimama, nikasema, “Haron, hiyo nyama si yako!” Haron akanijibu kwa upole, mbele ya wote, “Mama Dan, hata mimi mama yangu ananiona mimi ndiye wa kwanza duniani.” Wakacheka. Wote. Mimi, niliyekaa kwenye matope ya uwanja ule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi! Sikusoma sana, darasa la saba lilinitosha, lakini macho hayaendi shule.

Bado, si nyama peke yake. Kuna kampuni moja ya mjini inataka kuivalisha timu jezi na kumwajiri kocha kwa mshahara. Kamati itakaa Jumapili ya mwisho ya Agosti, pale ukumbini Adams Arcade, kumchagua. Haron amependekeza jina lake mwenyewe, na barua aliyowapelekea inasema wachezaji wa zamani walio ng’ambo wanamtambua kama mwanzilishi wa mfumo. Walio ng’ambo ni nani? Ni wewe! Dan ameahidiwa kuwa msaidizi, maana yake kubeba koni na mipira. Na amesema ikiwa hivyo ataacha, aende akauze simenti na baba mkwe wake. Mtoto wangu ambaye akiona watoto watatu na chungwa anawapanga!

Jumatatu nilimchinjia mbuzi wangu mwenyewe hapa nyumbani. Nikamwekea kidari kwenye sahani ile ya maua. Akakisukuma polepole. “Mum,” akasema, “hiki hakiliwi kwa mama. Kinatolewa na timu.” Akala ugali na mboga, akashukuru, akaenda mazoezini. Nililia, Thuo, sikufichi, halafu nikachukua karatasi hii.

Wenzako wa wakati ule wametawanyika, wengine tumewazika. Aliyebaki wa kuaminiwa ni wewe, na mdomo uliotoa ndio unaoweza kurudisha. Sikuombi umtukane Haron. Mipira alinunua, hilo mpe. Lakini Jumapili ile, wakishakaa, piga simu kwa Gichuru, yeye yuko kwenye kamati. Mwambie aweke sauti juu. Waambie juu ya mabati, mbwa na viazi. Kisha watajie jina la mtoto wa dada yako, na usicheke.

Mzee Wachira anakusalimu, amezeeka, ua wake bado umesimama. Jackie anasema asante kwa saa, ndiyo anayopimia watu mapigo ya moyo. Anita anasalimu akiwa na udongo mdomoni. Msalimie Hannah sana, umwambie akikuona unatafuta njia ya kukwepa simu hiyo, anyooshe kidole kwenye barua hii. Wabusu watoto.

Dan hajui kwamba nimekuandikia. Nilimwambia tu nawasalimia watu wa Amerika, kama ana neno. Hajakukasirikia hata kidogo, jambo ambalo linaniudhi zaidi. Alisema hivi, naandika alivyosema: “Mwambie anko vijana wangu bado nawafundisha kwa mfano wa mguu wake wa kushoto.”

Bwana akulinde uendako na urudipo, akupe nguvu ya mgongo na ujasiri wa ulimi.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo ninapokugombeza,

Wangeci, Mama Dan